Maji yameshuka Ahero: nianzie wapi, stima, kuta, kisima au choo?

MwanaKano

Habari za jioni wandugu. Nauliza kuhusu nyumba iliyo upande wa Ahero, Kisumu, si mbali na ukingo wa mto Nyando. Maji yalisimama ndani siku nne. Alama yake ukutani iko sentimita 60 kutoka sakafuni. Tangu jana yameshuka na sasa uani ni matope matupu.

Nyumba kubwa ni ya bloku, sakafu ya simiti. Jikoni ni nyumba ya udongo na mabati iliyojengwa kando. Stima ni ya tokeni: mita iko juu ya nguzo, kidude cha kubonyezea nambari kiko sebuleni. Soketi zote zilizama. Kisima kilichimbwa kwa mkono, kipenyo chake mita 1.2, kina pete za zege mpaka chini. Kwa kawaida maji husimama mita 3 kutoka chini, lakini leo yako karibu na mdomo, na mafuriko yalipita juu ya mdomo huo. Choo cha shimo kiko hatua 25 hivi kutoka kisimani, nacho kilifurika. Kuna magunia manne ya mahindi, mawili yalilowa, mawili yalikuwa juu ya meza.

Majirani wanashauri kila mtu lake. Huyu anasema mwaga Jik (dawa ya klorini) kisimani leo leo, yule anasema piga rangi mrudi ndani. Ninachotaka ni mpangilio: kipi kwanza, kipi kingoje, na vipimo kamili.

StimaMagharibi

Pole sana ndugu. Anza na stima, tena anza ukiwa nje.

Kabla ya kuingia, tembea kuzunguka nyumba ukitazama juu: waya uliolegea, nguzo iliyoinama, tawi lililolalia laini. Ukiona waya chini, kaa mbali angalau mita kumi, zuia watoto na ng'ombe, upigie Kenya Power 97771. Ardhi iliyolowa hupitisha umeme, na mtu anaweza kupigwa bila kuugusa waya wenyewe.

Swichi kubwa izimwe kabla mtu hajagusa chochote, lakini iwapo kuifikia ni lazima usimame majini au kwenye sakafu yenye unyevu, usiende. Waite wa kampuni wakate kwenye nguzo. Kukosa stima nyumbani hakumaanishi laini imekufa. Huenda imekatika mtaa mzima na ikarudi wakati mko ndani na sepetu za chuma. Ukishazima, funga kisanduku kwa kamba na uweke karatasi yenye maandishi makubwa ili asije mtu akawasha.

Soketi zilizozama hazikaushwi, zinabadilishwa. Sababu ni tope laini linaloingia nyuma ya vishikio vya shaba. Hata likikauka linashika unyevu wa hewa, shaba inaota kutu ya kijani, soketi inapata moto polepole. Vivyo hivyo vikata umeme na kile kifaa cha kujikata chenye kitufe cha kujaribia: kama kilizama, nunua kipya. Nyaya zenyewe zenye ganda la plastiki mara nyingi hupona, ila mabomba yanayozipitisha ukutani hubaki na maji. Fundi afungue visanduku vya chini kabisa, ayatoe maji, aache wazi siku kadhaa.

Kisha apime uzima wa nyaya kwa kipimo cha volti 500. Laini na nyutro zikiunganishwa pamoja, kipimo dhidi ya ethi kisipungue megaomu 1. Kikiwa chini ya hapo, bado kuna maji mahali au ganda limepasuka. Mwambie akuonyeshe namba kwenye kipimo. Na uhakikishe ana leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Jambo moja nakuomba ulishike: stima ikirudi na kile kifaa kikajikata kila mara, usikubali fundi akiruke aunganishe moja kwa moja. Kinajikata kwa sababu umeme unavuja ukutani au kwenye sakafu mnayokanyaga.

Kidude cha tokeni kilichozama usikifungue. Toa ripoti kibadilishwe. Friji na pampu zenye mota zisichomekwe mpaka zifunguliwe na kukaushwa. Kama kuna sola, kumbuka paneli haizimiki wakati jua linawaka, basi ifunike kwa blanketi zito kabla ya kugusa nyaya zake. Betri ya lithiamu iliyozama itolewe nje ya nyumba, isichajiwe tena.

FundiKuta

Nakubaliana na aliyetangulia, ila kuna la kufanya hata kabla ya stima: hakikisha mafuriko yamekwisha kweli. Maji ya Nyando hayatokani na mvua ya Ahero. Yanatoka Nandi, Tinderet na Londiani. Jua linaweza kuwaka huku kwetu Kano siku nzima huku wimbi la pili liko njiani. Sikiliza utabiri wa idara ya hali ya hewa kwa nyanda za juu, si wa Kisumu peke yake, na uulize waliopo juu ya mto.

Sasa kuta. Jikoni ya udongo ndiyo ya hatari zaidi, na hatari yake huongezeka baada ya maji kuondoka. Maji yakiwa pande zote mbili yanaushikilia ukuta. Yakiondoka, udongo wa chini uliolainika unabaki umebeba uzito wote wa juu pamoja na paa. Ndiyo maana kuta nyingi huanguka siku ya pili au ya tatu, jua likiwa limewaka. Usilale humo, usipike humo. Egemeza nguzo za mbao kwa nje zikibeba paa, halafu bomoa sehemu ya chini iliyolowa kipande kwa kipande, upana wa nusu mita hivi kila mara, ujaze upya. Afadhali ujaze kwa mawe au matofali ya kuchoma na simiti mpaka juu ya alama ya maji, udongo uanzie hapo.

Nyumba ya bloku: tumia timazi kwenye kila pembe. Ukuta ulioinama, au ufa unaokwenda mlalo kwa urefu, ni wa kumwita mhandisi kabla ya kuingia. Nyufa za ngazi zinazoanzia pembe za madirisha ni za kawaida katika udongo wetu mweusi, lakini ukiweza kuingiza kidole cha mwisho, usizipuuze.

Na hapa ndipo ule ushauri wa rangi unapokosea. Udongo mweusi wa Kano hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka. Leo msingi wako umenyanyuliwa. Wiki tatu zijazo utashuka, tena si sawasawa kila upande. Ukiziba nyufa sasa zitafunguka tena. Piga mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe na upana, kisha pima kila wiki. Ziba pale upana utakapokuwa haubadiliki tena.

Tope litolewe likiwa bado bichi. Likikauka hushika kama simiti na vumbi lake huingia kifuani. Anzia chumba cha ndani kabisa ukielekea mlangoni, sepetu na karai, halafu suuza kuta kutoka juu kwenda chini. Usilirundike dhidi ya ukuta kwa nje, maana linarudisha unyevu ndani. Magodoro ya sponji yaliyolowa maji haya, na kabati za mbao za kubandika zilizofura, zitupwe. Inauma, lakini hazisafishiki.

Kukausha ni upepo tu, madirisha na milango wazi mchana kutwa. Msiwashe jiko la makaa ndani ili kuta zikauke. Moshi wa makaa usioonekana unaua watu waliolala. Kabla ya rangi, bandika kipande cha plastiki angavu ukutani, ukubwa wa daftari, pembe zote zizibwe kwa gundi ya utepe. Kikae saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unapumua maji na rangi itabanduka.

KibosLeo

Mengine sawa, lakini kisima kisisubiri. Mwaga chupa mbili za Jik leo, funika, kesho chota. Kila mwaka watu hufanya hivyo.

FundiVisima

KibosLeo, na kipindupindu nacho hurudi Nyando. Naomba nieleze kwa nini, maana ni kosa la watu wengi wenye nia njema.

Klorini haichagui. Inapigana na chochote kilichooza inachokutana nacho: tope, majani, kinyesi. Katika maji ya rangi ya chai inaisha yote kwenye uchafu kabla ya kuvifikia vidudu. Unapata harufu ya dawa, na vidudu viko hai. Halafu, MwanaKano, kisima chako kimejaa mpaka mdomoni, na ardhi yote inayokizunguka ina maji hayohayo. Ukiua vilivyomo leo, usiku yanaingia mengine mabichi kutoka pembeni. Kwa hiyo kisima ni cha mwisho katika kazi zako. Kwa sasa kifunge, weka alama, na mtumie maji ya kwingine.

Ngoja maji ya ardhini yashuke. Dalili nzuri ni kiwango cha kisima: kipime kila asubuhi kwa kamba yenye jiwe. Kikikaribia zile mita 3 zako na kutulia siku tatu nne, anza.

Kwanza mdomo. Tazama kama pete za juu zimesogea na kama kuna shimo la udongo uliozama nyuma yake. Jaza kwa udongo wa mfinyanzi ukishindilia tabaka kwa tabaka, kisha rekebisha sakafu ya simiti inayozunguka kisima iwe na upana wa mita 1 hadi 1.5 na mteremko wa kupeleka maji nje. Ukipata pesa ya kuongeza pete, mdomo upite juu ya ile alama ya sentimita 60. Bila hivyo, kazi yote hii utairudia masika ijayo.

Pili, toa maji na tope. Usikikaushe kwa mkupuo. Maji ya ndani yanazisukuma pete nje, na ardhi iliyolowa inazisukuma ndani. Ukiyaondoa ghafla, ardhi inashinda na pete zinavunjika au kuteleza. Shusha nusu mita, pumzika saa moja, angalia kama kuna udongo unaomwagika kwenye maungio. Ukiona hivyo, simama na usubiri siku kadhaa zaidi.

Tatu, na hili nitalirudia kila mahali: mashine ya petroli isishushwe kisimani kamwe, wala isiwekwe mdomoni. Pampu inayokaa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi. Watu wakiona haivuti, wanaiteremsha kwenye jukwaa la mbao. Moshi wake una kaboni monoksidi, hauna rangi wala harufu, na unabaki mle hata baada ya mashine kuzimwa. Anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa naye. Ile mbinu ya kushusha mshumaa haisaidii hapa: mshumaa unaonyesha upungufu wa hewa safi tu, na kaboni monoksidi huua ukiwa unawaka vizuri. Tumia pampu ya umeme ya kuzamisha, jenereta ikae mbali upande upepo unakoelekea, au tumia ndoo na kamba. Kazi ya kusugua pete ifanyike kutoka juu kwa brashi yenye mpini mrefu. Kama lazima mtu ashuke, awe fundi wa visima mwenye mshipi, kamba na watu wawili juu wa kumvuta.

Rudia kutoa na kuacha yajae mpaka maji yawe angavu. Kipimo rahisi: jaza chupa angavu ya nusu lita, isimamishe juu ya gazeti, tazama kutoka mdomoni kwenda chini. Ikiwa herufi kubwa za kichwa cha habari zinasomeka, unaweza kuendelea na dawa. Zikiwa hazisomeki, toa tena.

Nne, dawa. Ujazo wa maji ni kipenyo mara kipenyo mara 0.785 mara kina. Kwako: 1.2 × 1.2 × 0.785 × 3 = mita za ujazo 3.4, yaani lita 3,400. Pima kina upya siku hiyo, usitegemee cha zamani. Tunalenga miligramu 50 za klorini kwa kila lita, hivyo unahitaji gramu 170 za klorini halisi. Kama unatumia HTH, ule unga wa asilimia 65, ni gramu 260. Kama ni Jik ya asilimia 3.5, ni karibu lita 5, iliyo wazi bila manukato wala sabuni. Soma asilimia kwenye kibandiko na uangalie tarehe, kwa sababu dawa ya maji hupungua nguvu ikikaa, hasa kwenye joto la Kisumu. Sasa unaona chupa mbili zilivyo mbali na hesabu.

HTH iyeyushe kwanza. Ndoo tatu za plastiki za lita 20, kila moja gramu 85 hadi 90. Weka maji kwanza, kisha unga, si kinyume chake. Vaa glavu, fanya nje, jikinge macho. Usitumie karai la chuma, na usihifadhi unga huo karibu na petroli au mafuta, unaweza kuwaka wenyewe. Acha mashapo meupe yatulie, mimina maji ya juu tu. Yamwage ukizunguka, yashuke kwenye kuta za pete pande zote, kamba na ndoo ya kuchotea vizame humo pia. Koroga kwa kuchota na kurudisha mara kumi au zaidi. Kama kuna pampu ya mkono, sukuma mpaka usikie harufu mdomoni mwake, kisha acha.

Funika saa 24, asichote mtu. Baada ya hapo toa maji mpaka harufu iishe. Maji hayo yasielekezwe kwenye bwawa la samaki, mfereji wa mpunga wala mtoni, yanaua. Wiki moja baadaye peleka sampuli kupitia afisa wa afya ya umma wa kaunti. Jibu linalotakiwa ni sifuri ya vidudu vya kinyesi katika mililita 100. Mpaka jibu lije, kila tone la kunywa litiwe dawa nyumbani.

Na ikiwa maji yananukia petroli au dawa za shambani, acha yote niliyosema. Klorini haiondoi kemikali, wala kuchemsha hakuondoi. Hapo ni maabara tu.

MwanaKano

Asante sana fundi, nimeelewa kwa nini kisima kiwe cha mwisho. Basi maji ya kunywa kwa hizo wiki mbili tatu? Yanayopatikana karibu ni ya mfereji, yana tope. Na choo?

AfyaYaJamii

Ya mfereji wenye tope, pakiti za PUR ndizo zinazofaa kuliko WaterGuard, ambayo ni klorini peke yake, kwa kuwa zina dawa ya kushusha tope pamoja na klorini. Pakiti moja kwa lita 10. Koroga kwa nguvu dakika 5, acha dakika 5 tope lishuke, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kisichopitisha mwanga, ngoja dakika 20 ndipo mnywe. Lile tope lililobaki limwagwe mbali na watoto na kuku. Ukitumia WaterGuard, chuja kwanza, fuata kipimo cha kifuniko kilichoandikwa kwenye chupa, ambacho kwa maji yenye tope ni mara mbili, na ungoje dakika 30. Kuchemsha pia ni sawa: maji yakitokota kwa dakika 1 yanatosha Kisumu na Nakuru. Walio juu ya mita 2,000, kama Molo, watokoteshe dakika 3.

Kwa sakafu na kuta, sabuni na maji kwanza, dawa baadaye. Kipimo cha Jik ya asilimia 3.5 moja kwa sita ya maji, iache dakika 10, suuza. Usiichanganye na dawa yoyote ya kusafishia choo yenye asidi, hewa inayotoka inachoma mapafu. Kila anayekanyaga matope avae gambuti. Maji haya yana mkojo wa panya, na homa yake huingia kupitia michubuko midogo ya miguu. Nyoka nao hukimbilia ndani palipo pakavu, kwa hiyo geuza vitu kwa mti kabla ya kuingiza mkono.

Mtu akianza kuhara maji kama ya mchele, msingoje asubuhi. Mpeni ORS, yaani maji ya sukari na chumvi ya kurudisha maji mwilini, wakati mkielekea kituo cha afya. Kama hakuna pakiti: lita 1 ya maji yaliyotibiwa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Chumvi ikizidi inadhuru mtoto. Neti zirudishwe vitandani tangu usiku wa kwanza. Mbu wengi hawaletwi na mafuriko yenyewe. Wanazaliwa kwenye vidimbwi yanavyoviacha.

Choo: msikitumie mpaka kiwango cha shimo kishuke. Kabla ya kukanyaga sakafu yake, igonge pande zote kwa mti mrefu ukiwa nje. Mara nyingi udongo wa pembeni umeliwa na sakafu imebaki inaning'inia. Ikitoa sauti ya utupu, ifungeni kabisa. Msimwage Jik shimoni, mnatupa pesa na kuua vidudu vinavyoozesha. Nyunyizeni chokaa kwenye kinyesi kilichotapakaa uani, kisha kifukieni. Kwa sasa tumieni ndoo yenye kifuniko, jivu kila baada ya haja, na mfukie mahali pa juu, mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote. Hizo hatua zako 25 ni karibu mno. Choo kipya kiinuliwe: tuta la udongo ulioshindiliwa, shimo lililojengwa kwa matofali likianzia juu, ili chini yake pawe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwa Kano, hiyo ina maana utapanda ngazi kwenda chooni, na ndivyo inavyopaswa.

BarutNakuru

Swali dogo kutoka Nakuru. Upande wetu wa Barut na Mwariki si mto uliopita, ni ziwa limepanuka. Hesabu ya klorini ni ileile?

FundiVisima

Hapana, na umefanya vizuri kuuliza. Maji ya Ziwa Nakuru ni ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, iko karibu 10. Klorini hufanya kazi vizuri chini ya pH 7.5. Ikifika 8.5 ni sehemu ndogo tu ya nguvu yake iliyobaki. Nunua karatasi za kupimia pH. Kisima kilichoingiliwa na ziwa kikisoma zaidi ya 8.5, kipimo changu hakitakulinda. Na hata ukiua vidudu, maji yatabaki na magadi, na ukanda wenu una tatizo la floraidi inayoharibu meno na mifupa ya watoto. Hiyo haiondolewi na klorini wala moto. Vuneni maji ya mvua kwa ajili ya kunywa: bati moja la mita za mraba 20 kwa mvua ya milimita 10 linaangusha lita 200, mkipoteza kidogo mnabaki na 160. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati. Tangi liwe na kifuniko na chujio.

Kuta nazo: magadi hupanda ndani ya plasta, maji yakikauka yanaacha unga mweupe unaoibandua kutoka ndani. Ufagieni ukiwa mkavu, msiuoshe, maana maji yanaurudisha ndani. Na kwa kuwa ziwa halishuki kwa siku nne kama Nyando, msitumie pesa kwenye rangi mkiwa bado mnaona maji kutoka dirishani.

MkulimaAhero

Hakuna aliyejibu la mahindi. Magunia mawili yaliyolowa maji ya mafuriko yasiliwe, hata yakianikwa yakawa meupe. Yamebeba maji ya vyoo, na ukungu wenye sumukuvu hauoshwi wala hauuawi kwa kupika. Usimpe ng'ombe pia, sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Yafukie.

Yale mawili ya juu yako kwenye hewa yenye unyevu mwingi, yanavuta maji hata bila kuguswa. Yaanike juu ya turubai, si juu ya ardhi, tabaka lisizidi sentimita 4, ugeuze kila nusu saa. Jaribu kwa chumvi: chupa ya kioo iliyokauka, vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, mahindi mpaka theluthi ya chupa, tikisa dakika 3, acha dakika 15. Chumvi ikishika kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isiposhika, bado endelea siku moja ya jua kwa usalama, kwani kwa kuhifadhi tunataka 13.5 au chini yake. Kisha gunia lipandishwe juu ya mbao, mbali na ukuta kwa kiganja, maana ukuta wako utatoa unyevu wiki kadhaa.

MwanaKano

Nimeandika hivi, mnisahihishe. Kesho: kuuliza hali ya Londiani, kisha stima kukatwa kwenye nguzo. Keshokutwa: timazi, kuegemeza jikoni, kutoa tope. Wiki hii: ndoo na jivu, PUR, mahindi juani. Soketi baada ya kipimo cha megaomu. Kisima kikitulia kwenye mita 3. Rangi mwisho.

FundiKuta

Sawa, badilisha moja: kuegemeza jikoni kuwe kesho asubuhi, kabla hata ya watu wa stima kufika. Ndio ukuta unaoweza kuanguka leo usiku. Watoto wasipite upande ule.